Farasi wa Mwenyewe

Saa kumi za alfajiri, kwenye mahema ya farasi ya Upperville, jimbo la Virginia, taa moja tu inawaka. Chini yake mama mmoja amesimama juu ya kigoda, anamsuka Walter. Ameanzia utosini, nyuma ya masikio, anateremka taratibu kuelekea mabegani. Kila fungu la singa analilowesha kwa sifongo, analigawa mara tatu, analisuka kwa nguvu hadi nchani, kisha anapitisha uzi wa sufu mweusi kama singa zenyewe, anakunja, anafunga fundo. Akimaliza, misuko itazidi 30, yote imelala upande wa kulia wa shingo, midogo na iliyolingana kama tasbihi. Amekesha. Huyu ni farasi wake wa tano tangu saa nne usiku na bado wawili wanamngoja. Analipwa kwa kichwa.

Nimemshikia Walter kamba, ingawa hahitaji kushikwa. Amesinzia, mdomo wa chini umelegea. Naangalia vidole vya yule mama na kukumbuka magoti ya shangazi yangu kule Dagoretti, Jumapili jioni, nikisukwa kwa ajili ya shule na kugongwa kitana kila nilipojitikisa. Walter hajitikisi.

Si wangu. Ni maksai wa miaka tisa, kahawia aliyekoza, kimo chake mabegani kinakaribia sentimita 170. Alizaliwa Ujerumani, akaletwa Marekani kwa ndege, akanunuliwa na daktari wa meno anayeishi karibu na Washington, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye leo Jumatano yuko kazini kwake. Mimi ndiye nitakayempanda leo na kesho. Jumamosi atakuja mwenyewe apande. Maneno hayo mawili, leo mimi na Jumamosi yeye, ndiyo kazi yangu yote, na imenichukua miaka mingi kuielewa.

Msomaji aliyezoea kuwaona farasi kwenye Olimpiki anawajua wale wanaoruka viunzi virefu vya rangi nyingi, saa inahesabu, fito ikidondoka ni adhabu. Huo ni mchezo mwingine. Wetu unaitwa hanta, na mashindano yake hayana mbio na saa. Viunzi vyake vimefanana na vitu ambavyo mpandaji angekutana navyo mashambani: ukuta wa mawe, lango la mbao, gogo, ua wa majani. Jaji amekaa kibandani na karatasi yake, anatoa alama kwa mia kwa jicho lake mwenyewe. Anatazama magoti ya mbele yanavyopanda pamoja, mgongo unavyojipinda kama upinde juu ya kiunzi, hatua zinavyolingana kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuharakisha wala kusuasua. Hairuhusiwi kumfunga farasi bendeji wala kumvika kinga miguuni, ili kila kitu kionekane. Fito moja ikianguka, kwa kawaida alama zinashuka hadi arobaini na kitu, hata kama mengine yote yalikuwa ya kupendeza. Na juu ya yote hayo jaji anataka aone kwamba farasi huyu ni rahisi kupandwa. Mpandaji bora wa hanta ni yule ambaye jaji, akishamaliza kuandika, hakumbuki alikuwa akifanya nini pale juu.

Asili ya mchezo huu ni uwindaji. Watu wenye mashamba Virginia waliwafukuza mbweha kwa mbwa tangu enzi za utawala wa Waingereza. George Washington mwenyewe alifuga mbwa wa kazi hiyo nyumbani kwake Mount Vernon. Mtu atakayekaa juu ya matandiko saa tano, akivuka kuta na mitaro nyuma ya mbwa, hamtaki farasi wa mbwembwe. Anamtaka aliyetulia, mwenye hatua ndefu isiyochosha, anayejiangalia mwenyewe anaporuka, asiyengoja kuvutwa hatamu kila dakika. Jaji wa leo bado anajiuliza swali la mwindaji yule: huyu ningempanda kutwa nzima?

Na Upperville ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa kuwa ndiyo maonyesho ya farasi ya zamani kuliko yote nchini Marekani. Yalianzishwa mwaka 1853 na mwenye mashamba aitwaye Richard Henry Dulany. Inasimuliwa kwamba alimkuta mwanafarasi wa watu ameachwa nje kwenye baridi bila matunzo, akaamua kuweka zawadi ili majirani zake wapate sababu ya kuwatunza wanyama wao. Kila Juni farasi wanarudi pale pale, na wale wa hanta wanashindana chini ya mialoni mikubwa ambayo vivuli vyake humwagika uwanjani kama madoa ya chui.

Napapenda mahali hapa. Lakini mwaka 1853 Virginia ilikuwa nchi ya utumwa, na mashamba makubwa ya eneo lile yalilimwa na watu waliokuwa mali ya watu. Dulany mwenyewe alikuja kuwa kanali katika jeshi la majimbo ya Kusini. Waliokuwa wakiamka kuwapa farasi wale maji na kuwasugua jasho walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuchongwa kwenye kikombe chochote. Kazi yao ilikuwa ya ufundi. Mbio za kwanza za Kentucky Derby zilipofanyika mwaka 1875, miaka kumi tu baada ya utumwa kukomeshwa, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baadaye wakasukumwa nje ya mchezo. Mimi binti wa saisi kutoka Nairobi nikipita na Walter chini ya mialoni ile, nawawaza watu hao, na nanyoosha mgongo.

Baba yangu alikuwa saisi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, ule uliofunguliwa mwaka 1954. Alikuwa akiondoka nyumbani gizani na kurudi ananuka majani makavu na mafuta ya ngozi. Nilianza kumfuata nikiwa na miaka minane, nikabeba ndoo, nikafagia mabanda, nikapandishwa farasi mzee kwa mara ya kwanza bila matandiko. Hakunifundisha kupanda kwa maneno. Alichonifundisha kwa maneno ni kimoja tu, na alikirudia hadi nikakichoka: “Farasi hana mdomo, mama. Ana miguu minne. Hiyo ndiyo uisikilize.” Mama ni mimi; akina baba wa kwetu huwaita binti zao hivyo.

Nilikuja Marekani kama saisi, nikakaa miaka minne nikisafisha mabanda ya watu kabla mtu hajaniambia nipande. Sasa naishi kwa kupanda. Na hapa lazima nieleze kanuni moja, maana bila hiyo kazi yangu haieleweki. Shirikisho la mchezo wa farasi la Marekani limewagawa wapandaji watu wazima mafungu mawili. Ukilipwa kumpanda farasi wa mtu, wewe ni wa kulipwa. Ukijipandia kwa mapenzi yako, wewe ni wa ridhaa, na una madaraja yako ambayo sisi wa kulipwa haturuhusiwi kuingia. Kwenye mashindano makubwa siku za katikati ya wiki huwa zetu, na mwisho wa wiki ni wa ridhaa na watoto. Kwa hiyo mwenye farasi anamwajiri mtu kama mimi apande Jumatano na Alhamisi, kisha Jumamosi anaingia mwenyewe, farasi yule yule, uwanja ule ule, viunzi vya urefu ule ule. Kwa daraja letu ni sentimita 99.

Ukiisikia hivyo utadhani kazi yangu ni kushinda Jumatano. Nilidhani hivyo pia. Ukiwa na miguu yenye nguvu na jicho la haraka, unaweza kumbeba farasi uwanja mzima: hapa unamminya asogee, pale unamzuia kwa kidole, huku unamsahihisha kabla jaji hajaona kosa. Utapata 88 na utepe wa buluu. Jumamosi atapanda mwenyewe, mtu ambaye wiki nzima ameinama juu ya vinywa vya wagonjwa, na farasi atamngojea ampe zile amri mia alizozoea kupewa. Hatazipata. Atafika kiunzini hajui afanye nini. Umemkopa farasi, na anayelipa deni ni mwenye mali.

Kwa hiyo najifunza kuacha. Nikiona tunafika kiunzini mbali kidogo au karibu kidogo, na hakuna hatari, nanyamaza. Namwacha Walter alipatie jawabu yeye mwenyewe, maana Jumamosi itabidi alipate mwenyewe. Napoteza alama mbili, tatu. Si kila mwenye farasi anakubali hesabu hiyo. Mmoja alimhamisha farasi wake kwa sababu nilikuwa wa pili mara nne mfululizo. Nilisikitika, lakini sikuweza kumpandia kwa namna nyingine. Bei ya farasi wa hanta mzuri inaweza kuzidi ya nyumba, na mtu anapokukabidhi hatamu zake hakupi chombo cha kujipatia utepe, anakupa amana. Nalitumia neno hilo kwa uzito wake wote. Amana hairudishwi imechakaa.

Daktari wangu wa meno alianguka mwaka uliopita, akavunjika mtulinga. Si kosa la Walter. Aliteleza kwenye matope akavuka kiunzi mshazari. Mfupa uliunga katika wiki nane. Hofu haikuunga. Majira yote ya baridi alikuja shambani kila Jumapili, akapanda kwa mwendo wa telki tu, akiruka fito zilizolazwa chini. Nilimfundisha neno moja la kumwambia farasi, kwa sababu nimeona Wamarekani wakiogopa hushika pumzi, na mtu hawezi kusema “taratibu” huku ameshika pumzi. Akawa analisema kwa lafudhi yake, silabi moja moja, na Walter akawa analijua. Aprili akaruka kiunzi cha kweli. Mei akaniambia anataka kuingia Upperville. Ndiyo maana Jumatano ile ilikuwa na maana kuliko siku nyingine.

Saa tatu kasorobo nilisimama langoni nikisoma mchoro wa njia. Viunzi vinane. Hatua moja ya hanta inahesabiwa futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66, na wanaopanga viunzi huweka nafasi kwa hesabu hiyo: futi 72 kati ya kiunzi na kiunzi ni hatua tano, ukishatoa sita za kutua na sita za kuondokea. Mpandaji anazitembea kichwani kabla ya kuzitembea uwanjani. Niliangalia pia jua liko wapi, maana vivuli vya mialoni vinahama, na kuna farasi anayekiona kivuli kama shimo.

Walter aliviona, akazungusha sikio moja, akapita. Tukazunguka duara letu la kuanzia, akaingia shoti ile yake ya polepole, na kutoka hapo nilisikia pumzi yake tu, fuu, fuu, fuu, moja kwa kila hatua. Lango jeupe. Kona. Gogo, tano, ua wa majani. Alipoukabili ukuta niliona tunafika karibu mno. Mguu wangu ulitaka kumsukuma tangu mbali, nikauzuia. Akafupisha mwenyewe hatua ya mwisho, akajikunja, akanyanyua magoti hadi karibu na kidevu, akapita bila kugusa. Niliposikia kwato zikitua upande wa pili nilijua Jumamosi imepona. Jaji alitupa 86, na tukaongoza daraja.

Mzunguko wa pili ulikuwa mzuri pia. Kwa aliyekuwa ukingoni, ulikuwa mzuri sana. Ila kabla ya kiunzi cha sita Walter alibadili mguu wa kutangulia bila kuambiwa, kitu ambacho hana desturi nacho, na kwenye kona ya kulia nilihisi bega lake likikataa kushuka vile linavyoshuka siku zote. Ni kitu kidogo. Ukiwa umekaa juu ya meza yenye miguu minne na mguu mmoja ukawa mfupi kwa unene wa shilingi, utajua, ingawa mtu aliyesimama pembeni haoni. Tukapata 81. Mwisho wa mzunguko mpandaji humtembeza farasi duara dogo kwa mwendo wa telki kabla ya kutoka, ili jaji aone kama hachechemei. Nilizunguka kulia. Katika hatua kumi hivi, mara mbili, kichwa cha Walter kiliinuka kidogo mguu wa mbele wa kulia ulipotua.

Jaji hakuona, au aliona akahesabu ni kichwa cha farasi aliyechangamka. Kijana wa langoni akanipongeza. Bado mzunguko mmoja wa viunzi na mmoja wa bila viunzi, na kwa pointi tulikuwa mbele. Utepe wa ubingwa wa daraja, ule wa rangi tatu, ulikuwa unaning'inia hapo mezani. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akasema, kwa nia njema kabisa, “Amechoka tu. Mzunguko mmoja, umalize.”

Hapo ikabidi nikumbuke jambo ambalo sipendi kulikumbuka.

Kabla sijaanza kupanda kwa malipo nilikuwa saisi kwenye shamba moja, sitalitaja, wala jimbo. Kulikuwa na farasi jike wa kijivu, mwepesi, mwenye hofu ya kila kitu, na mwenye kipaji kuliko wote. Mchezo unaotuza utulivu una jaribu lake: yupo atakayeutafuta kwenye chupa. Kanuni ziko wazi. Farasi hachomwi sindano yoyote ndani ya saa 12 kabla ya kushindana, ila kwa dharura chache za matibabu zilizoandikwa, na anayetia saini kama mkufunzi ndiye anayebeba lawama vipimo vya damu vikileta majibu. Mwaka 2012 shirikisho lilipiga marufuku dawa moja ya kutuliza ambayo ilikuwa imesambaa mabandani kwa miaka kwa sababu vipimo havikuwa vikiiona. Yote hayo niliyajua. Lakini asubuhi moja saa kumi na moja niliambiwa nimshike yule jike, nikamshika. Niliona sindano ikiingia shingoni. Nilikuwa na viza ya kazi na kodi ya chumba, nikanyamaza.

Saa nne alipokuwa uwanjani alikuwa ametulia kama picha. Kwenye kiunzi cha tano hakunyanyua magoti kwa wakati, kwa sababu mwili wake ulikuwa na habari zilizochelewa. Akaangukia magoti, mpandaji akapita juu ya kichwa. Mpandaji alipona. Jike hakuruka tena. Hakuna aliyenishitaki, hakuna aliyeniuliza. Nilimsimulia baba kwa simu wiki mbili baadaye. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, “Alikutazama, ulipomshika?” Nikamwambia ndiyo. Hakuongeza neno.

Basi Jumatano ile nilishuka. Nilimwambia kijana wa langoni anifute kwenye orodha, nikamwongoza farasi kurudi hemani kwa miguu.

Saisi wangu ni mzee mmoja kutoka Guatemala ambaye ameishi na farasi tangu utotoni, kama mimi. Hatuna lugha ya pamoja ila Kiingereza chetu sote wawili kibovu, na hatujawahi kushindwa kuelewana. Alimkimbiza Walter kwenye barabara ngumu huku mimi natazama, kisha tukabadilishana. Akanyoosha kidole: mbele, kulia. Aliinua kwato, akaweka kiganja juu yake, akanipa mkono wangu niuweke hapo hapo. Ilikuwa ya moto kuliko mwenzake. Kisha akaniwekea vidole viwili nyuma ya kifundo, kwenye mshipa ambao kwa farasi mzima unalazimika kuutafuta. Sikuutafuta. Ulikuwa unagonga kama mtu mlangoni.

Daktari wa meno alijibu simu kati ya mgonjwa na mgonjwa.

“Tumeshinda?”

“Tulikuwa mbele. Nimemtoa.”

Nilisikia mlango ukifungwa, halafu kimya. Nikamweleza: mguu, joto, mshipa, daktari wa mifugo nimeshampigia.

“Una uhakika?” akauliza.

“Sina uhakika ni nini. Nina uhakika si sawa.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi hutapanda.”

Hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa ameshapasi koti. Nilitamani nimwambie kitu cha kumfariji na sikupata. Nilirudi kwa Walter, nikapanda juu ya kile kigoda, nikaanza kumfumua. Unachukua kisu kidogo cha kufumulia mishono, unakata fundo la sufu, unavuta uzi, unaachia. Usiku mzima wa mama wa watu ulichukua dakika kumi na tano kufumuka. Singa zilibaki na mawimbi, kama za msichana aliyefumua kichwa Jumamosi asubuhi. Nyuzi nilizikusanya kiganjani, zaidi ya 30, nikazitia mfukoni kwa sababu sikujua nizitupe wapi.

Kufika saa kumi jioni Walter hakuweza kukanyaga mguu ule. Alisimama kwa mitatu, jasho shingoni. Waliopita waliniuliza nini kimetokea, na mwenzangu yule wa langoni alikuja akasimama mlangoni mwa banda muda mrefu. Nilifikiria kiunzi cha sita cha mzunguko wa tatu, ule ambao hatukuupanda. Uzito wa kilo mia sita unatua kwa mguu mmoja.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi ya Alhamisi na koleo lake refu la kubania kwato. Alibana hapa, Walter ametulia; pale, ametulia; alipofika karibu na ncha upande wa nje, Walter aliung'oa mguu mikononi mwake. Akachonga hapo kwa kisu kilichopinda, kidogo kidogo, hadi ukatoka ute wa kijivu cheusi wenye harufu ambayo ukishainusa huisahau. Jipu ndani ya kwato. Huenda ni kijiwe, huenda unyevu wa mvua za Mei uliingiza uchafu kwenye ufa. Likishatoboka, farasi anapata nafuu mbele ya macho yako: Walter alishusha kichwa, akapumua kwa nguvu, akaanza kutafuta majani. Dawa yake ni ya nyumbani. Unaloweka kwato kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya magnesi, unabandika pamba ya dawa, unaifunga kwa nepi ya mtoto, juu yake unazungusha utepe ule mpana wa kijivu wa mafundi mpaka uwe kiatu. Wiki moja, mbili, atakuwa anafanya kazi.

Jumamosi daktari wa meno alikuja hata hivyo. Hakuvaa koti, alivaa raba na fulana, akabeba mfuko wa karoti. Tulikuwa tumekaa nyuma ya hema, mguu wa Walter ndani ya ndoo, wakati kipaza sauti kilipoanza kuita namba za daraja lake. Walisoma namba ya kabla yake, wakairuka yake, wakasoma ya baada yake. Alisikiliza. Walter naye alisimamisha masikio, maana anaujua mlio wa kipaza sauti na anajua huwa kinafuata nini. Mwenyewe akamwekea mkono shingoni, kwenye yale mawimbi yaliyokuwa bado hayajanyooka, akamwambia taratibu. Alilisema kwa pumzi moja.

Saisi wangu alipotaka kufunga mguu, mwenyewe alimwomba ampishe. Akainama, akaishika kwato juu ya goti lake, akachungulia kile kitundu huku akiigeuza kuelekea kwenye mwanga kama anavyofanya kazini kwake. “Linatoka vizuri,” akasema. “Msiache lizibe juu kabla chini halijakauka.” Miaka ishirini na kitu ametoboa majipu ya watu, sikuwa nimefikiria hilo. Akabandika pamba, akavuta nepi, akaanza kuzungusha utepe. Mkanda wa tatu ulipokataa kukatika aliukata kwa meno, akaulaza juu ya wa pili, akaupiga kwa kiganja, akaniuliza kama ameukaza mno kwenye kisigino.

Nikapima kwa kidole. Nikamwambia aongeze mmoja.